Boridi za kugeuza joto kuwa umeme: mwongozo kamili wa kuandaa unga, kuuchoma na kuupima ukiwa Dodoma

Kama lengo lako ni kuchaji simu kwa joto la jiko la mkaa, mwongozo huu haukuhusu. Nunua moduli ya bismuthi teluridi, inayouzwa tayari na kufanya kazi vizuri chini ya 250 °C. Boridi, yaani misombo yenye boroni nyingi, ni za joto kali, kuanzia takriban 700 °C kwenda juu: tanuri za saruji, viwanda vya kuyeyusha chuma na mitambo mingine ya aina hiyo. Bismuthi teluridi huyeyuka kwenye 585 °C, kwa hiyo huko haina nafasi.

Msomaji tunayemlenga ni mwanafunzi wa uzamili au fundi wa maabara mwenye mizani nzuri, kinu, kabati la kuvutia hewa chafu na tanuri la ombwe. Huenda hatua ya mwisho, ya kuchoma kwa presha, ataifanyia kwenye maabara ya mji mwingine. Hakuna ubaya. Ubora wa boridi huamuliwa zaidi na yale yanayofanyika kabla unga haujaingia kwenye presha.

Wengi hukimbilia dopanti, yaani kiongezo kidogo cha kubadilisha upitishaji umeme: lanthani kidogo, titani kidogo, halafu wanashangaa matokeo hayarudiki. Tunashauri kinyume chake. Ondoa oksijeni kwanza, kisha dhibiti kaboni, kisha fikisha msongamano wa asilimia 95 ya ule wa kinadharia. Dopanti ije mwisho. Bila mpangilio huo hutajua kama kilichobadilisha kipimo ni dopanti au ni uchafu.

Namba inayotafutwa

ZT = S²σT/κ. S ni kigezo cha Seebeck, yaani volti zinazozaliwa kwa kila digrii moja ya tofauti ya joto. σ ni upitishaji umeme, κ ni upitishaji joto, na T ni joto kwa kelvini.

Tufanye hesabu ya mfano. Kipande cha boroni kabidi kina S ya 250 µV/K, σ ya 5,000 S/m na κ ya 8 W/m·K kwenye 1,000 K. ZT inatoka 0.039, namba ya kukatisha tamaa. Ukiacha S ilivyo, ukapandisha σ hadi 20,000 na kushusha κ hadi 5, ZT inakuwa 0.25, zaidi ya mara sita. S ya boridi haiyumbi sana, ila σ huangushwa na oksidi iliyokaa kwenye mipaka ya chembe na vinyweleo vilivyobaki, na κ hutegemea ukubwa wa chembe na uwiano wa boroni na kaboni. Yote hayo ni mambo ya uandaaji.

Moduli huhitaji mguu chanya na mguu hasi. Kwa mguu chanya tumia boroni kabidi, na kwa mguu hasi heksaboridi ya kalisi, CaB6. Zipo boridi nyingine zenye sifa nzuri, kwa mfano YB22C2N na jamaa zake zilizochunguzwa sana huko Tsukuba, Japani, lakini malighafi zake ni ghali na joto la kuziandaa ni kali zaidi. Anza na hizi mbili.

Kusafisha unga wa boroni kabidi

Usinunue unga wa kusugulia vyuma. Agiza unga wa kusinta (kuchomwa hadi chembe zishikane), wenye chembe za wastani wa mikroni 0.5 hadi 1, ukiwa na cheti kinachoonyesha oksijeni na kaboni huru, yaani isiyoungana na boroni. Kadiri chembe zilivyo ndogo ndivyo unga unavyoshikana vizuri, lakini pia ndivyo unavyobeba oksidi ya boroni, B2O3, nyingi zaidi juu yake. B2O3 huyeyuka kwenye 450 °C, hulowanisha chembe, huzikuza bila kuzishikanisha, na mwisho hubaki kama utando usiopitisha umeme.

Dodoma ina faida yake hapa. Kati ya Juni na Oktoba hewa ni kavu kiasi kwamba unga uliosafishwa hukaa vizuri. Kuanzia Desemba hadi Aprili unyevu hugeuza B2O3 kuwa asidi ya boriki, unga unaganda mabonge, na uzito unaosoma kwenye mizani si wa boridi peke yake. Msimu huo pima mara tu unga unapotoka kwenye chombo cha kukaushia.

Kwa gramu 50 za unga:

1. Weka unga kwenye chupa ya kioo pamoja na mililita 250 za methanoli. Koroga kwa sumaku saa mbili ndani ya kabati la kuvutia hewa, bila kupita 50 °C. Kwa mwinuko wa Dodoma, karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, methanoli huchemka karibu 61 °C, si 65 kama vitabu vinavyosema.

2. Acha utulie, chuja, kisha rudia kwa methanoli mpya.

3. Fanya jaribio la mwali. Funga chupa ya methanoli na iondoe kabisa eneo hilo. Weka matone matano ya methanoli iliyochujwa kwenye kisahani cha kaure na uwashe kwa njiti ndefu. Mwali wa kijani unamaanisha borati bado inatoka, hivyo rudia kuosha. Mwali wa methanoli safi ni buluu hafifu ambao mchana karibu hauonekani, kwa hiyo usisogeze mkono ukidhani moto umezimika.

4. Kausha kwa ombwe kwenye 80 °C usiku mzima, kisha hifadhi ndani ya chombo chenye argoni au silika kavu.

Methanoli ni sumu kwa kunywa, kwa kuvuta mvuke na kupitia ngozi. Vumbi la boroni kabidi nalo ni gumu kuliko karibu kila kitu kilichopo maabara, kwa hiyo vaa barakoa ya vumbi laini. Ya kitambaa haisaidii.

Sasa uwiano. Unga wa dukani una uwiano wa karibu B4C, wakati upitishaji umeme wa boroni kabidi hufikia kilele karibu na B13C2, na huko κ pia iko chini zaidi. Ili kutoka B4C kwenda B13C2, kila gramu 10 za B4C zinahitaji gramu 4.89 za boroni. Boroni ya amofasi ya bei nafuu huwa na usafi wa asilimia 95 hadi 97, na sehemu ya kinachobaki ni magnesi na oksijeni, kwa hiyo nayo ioshwe. Kaboni huru iliyotajwa kwenye cheti nayo hula boroni: kwa kila gramu 0.1 ya kaboni hiyo ongeza gramu 0.585 za boroni.

Kutengeneza CaB6

Njia inayotumika zaidi ni kupasha kabonati ya kalisi, boroni kabidi na kaboni kwenye ombwe:

2CaCO3 + 3B4C + C → 2CaB6 + 6CO

Kwa gramu 20 za CaB6 unahitaji gramu 19.07 za CaCO3, 15.80 za B4C na 1.14 za kaboni nyeusi. Tumia CaCO3 ya maabara iliyokaushwa kwenye 150 °C. Usijaribu mawe ya chokaa ya Bahi au Manyoni kwa kubana matumizi: yana silika, na baadhi ya mashapo ya huko yana urani. Chokaa iliyochomwa, CaO, pia iache, kwa sababu hunyonya unyevu ikiwa mizanini.

Karatasi haisemi kila kitu kuhusu mlinganyo huo. Kwenye ombwe, CaCO3 huachia CO2 yake mapema, kabla B4C haijaanza kufanya kazi, na pampu huinyonya. Mlinganyo umeihesabu CO2 hiyo kama mla kaboni, lakini yenyewe imeshaondoka. Ikiondoka yote, kinachobaki ni 2CaO + 3B4C + C, na mwisho wake ni CaB6 pamoja na moli mbili za kaboni kwa kila moli mbili za CaB6, sawa na gramu 11.4 za kaboni kwa kila gramu 100 za CaB6. Kwa kawaida hutapata kiasi chote hicho, lakini grafiti iliyobaki kwenye CaB6 hutokana zaidi na jambo hili, na kiasi chake hubadilika na kasi ya kupasha na nguvu ya pampu. Watu wawili wanaofuata kipimo kilekile hupata unga tofauti kwa sababu hiyo.

Tunapendelea mchanganyiko huu:

7CaO + 10B4C + B2O3 → 7CaB6 + 10CO

CaO inaingia kama CaCO3, na CO2 yake inaachwa iondoke. Kwa gramu 20 za CaB6: CaCO3 gramu 19.07, B4C gramu 15.04, B2O3 gramu 1.90. Badala ya B2O3 unaweza kutumia gramu 3.37 za asidi ya boriki. Kwa kuwa sehemu ya B2O3 huvukia kabla ya kufanya kazi, jaribu bechi ndogo tatu: kipimo kamili, kisha chenye B2O3 iliyozidishwa kwa asilimia 10, na kwa asilimia 20. Chagua ile isiyo na grafiti wala borati ya kalisi.

Changanya kwenye kinu cha gololi kwa ethanoli isiyo na maji, saa nne, mwendo wa taratibu. Pima uzito wa gololi kabla na baada. Zikipungua gramu 0.3 kwenye bechi ya gramu 20, umejiongezea asilimia 1.5 ya uchafu, na namba hiyo iandikwe daftarini. Gololi za alumina hazifai kabisa. Za zirkonia huacha ZrB2 baada ya kuchoma. Za tangsteni kabidi huacha boridi ya tangsteni, ambayo ni nzito na huharibu hesabu ya msongamano. Za chuma cha pua zina unafuu mmoja: chuma huondolewa kwa asidi baadaye.

Bonyeza mchanganyiko kuwa vidonge vya kipenyo cha milimita 20. Unga mlegevu hurushwa na gesi na kuingia kwenye pampu. Weka kwenye chungu cha grafiti kilichopakwa boroni nitridi, kisha:

Vuta ombwe hadi chini ya Pa 10. Hapa kuna jambo linalowasumbua wageni wa Dodoma: geji ya sindano inayosoma MPa hasi haitafika −0.1. Presha ya hewa hapa ni karibu kPa 89, kwa hiyo ombwe kamili litasomeka karibu −0.089. Watu hufungua viungio vyote wakitafuta uvujaji usiokuwepo. Tumia geji inayosoma presha halisi.

Panda digrii 5 kwa dakika hadi 600 °C, kisha digrii 2 kwa dakika hadi 900 °C. Hapo CO2 inatoka, na geji itapanda. Ikivuka Pa 100, simamisha joto hadi ishuke. Endelea digrii 5 kwa dakika hadi 1,450 °C na ukae saa mbili hadi tatu. Kinachokuambia kazi imeisha ni geji kurudi pale ilipokuwa kabla gesi haijaanza kutoka; saa ya ukutani ni mwongozo tu. Poza kwenye ombwe na usifungue juu ya 60 °C.

Bechi ya gramu 20 kwa mchanganyiko huu hutoa gramu 7.6 za monoksidi ya kaboni, zaidi ya lita sita za gesi isiyo na rangi wala harufu. Kwa mlinganyo wa kwanza inaweza kufika zaidi ya maradufu. Bomba la pampu litoke nje ya jengo, mbali na dirisha, na kengele ya CO iwepo chumbani.

Saga vidonge, osha kwa asidi ya hidrokloriki ya moli 1 kwa lita, 60 °C, saa moja. CaB6 haidhuriki. Kinachoyeyuka ni CaO, borati ya kalisi na chuma kutoka kwenye gololi. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa mpaka yasiwe na asidi. Maji ya visima vya Dodoma na vijiji vyake mara nyingi yana chumvi na madini mengi, na yakitumika kusuuza yanarudisha uchafu uliokwisha kuutoa.

Kisha peleka sampuli kwenye XRD, mashine ya eksirei inayosoma mpangilio wa fuwele. Kwa eksirei ya shaba, kilele kikubwa cha CaB6 kiko karibu 30.4°. Grafiti hujitokeza 26.5°. Ukitaka kujua kama B4C imebaki, usitazame 37.7°, maana CaB6 nayo ina kilele 37.5° na vinafunikana. Tazama 35°, ambako CaB6 haina kitu. Kwa uchambuzi wa kemia ya uchafu, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, iko hapahapa Dodoma. Waeleze mapema kwamba sampuli ni boridi, kwa sababu haiyeyuki kwa asidi za kawaida kama mwamba.

Kusinta kwa presha na mkondo wa umeme

Kusinta ni kuuchoma unga chini ya joto lake la kuyeyuka hadi chembe zishikane. Boridi zina vifungo vikali, na kuchoma bila presha hudai zaidi ya 2,100 °C, ambapo chembe hukua ovyo. Mashine ya SPS, inayopitisha mkondo wa umeme kwenye kalibu ya grafiti huku ikibana, humaliza kazi kwa joto la chini zaidi ndani ya dakika chache.

Kwa kalibu ya milimita 15, kipande cha unene wa milimita 4 kinahitaji gramu 1.72 za CaB6 au gramu 1.78 za boroni kabidi. MPa 50 kwenye kipenyo hicho ni kani ya kN 8.8. Tandika karatasi ya grafiti ndani ya kalibu. Kwa CaB6 paka boroni nitridi nyembamba upande wa karatasi unaogusa unga, na acha nyuso za juu na chini zikiwa na utando mwembamba tu. Ukipaka nene mkondo hautapita, na joto litabaki kwenye kalibu.

Pasha hadi 1,350 °C kwa presha ndogo, MPa 10 hivi, na ukae hapo dakika 10 kwenye ombwe. Hatua hii hurukwa kwa haraka, nayo ndiyo nafasi ya mwisho ya B2O3 kutoroka kabla vinyweleo havijafungwa. Kisha panda digrii 100 kwa dakika, ukiongeza presha hadi MPa 50. CaB6 huchomwa karibu 1,700 hadi 1,800 °C, na boroni kabidi yenye boroni ya ziada 1,750 hadi 1,900 °C, kwa dakika 5 hadi 10. Fuatilia mkunjo wa mwendo wa pistoni: ukilala kabisa, umemaliza, na kuendelea ni kukuza chembe tu. Kama mkunjo ulianza kushuka ghafla chini ya 1,300 °C, kuna kitu kinachoyeyuka ndani, na mara nyingi ni oksidi. Toa presha wakati wa kupoza, karibu 1,200 °C, kisha shuka taratibu, la sivyo kipande kitapasuka bapa kama sahani.

Kumbuka pia kwamba kipimajoto cha mwanga husoma uso wa kalibu, na ndani kunaweza kuwa na joto zaidi kwa makumi ya digrii. Namba za mashine nyingine zichukuliwe kama mahali pa kuanzia.

Umeme ukikatika katikati ya 1,800 °C, hatari kubwa ni maji ya kupoza kusimama. Weka simtanki la lita 500 juu ya mnara wa mita 3, likiwa na vali ya aina inayofunguka yenyewe umeme unapokatika, ili maji yateremke kwa uzito wake. Ndani liwe na maji laini. Yenye chumvi huacha magaga kwenye mirija myembamba ya mashine, na magaga hayo huzuia joto kutoka.

Kata au saga milimita 0.3 hadi 0.5 kila upande kwa jiwe la almasi, kwani kaboni ya kalibu imepenya hapo. Pima msongamano kwa njia ya Archimedes. Wa kinadharia ni 2.44 g/cm³ kwa CaB6 na 2.52 kwa B4C.

Kuna wanaosema vinyweleo ni vizuri kwa kuwa vinashusha κ. Kweli vinashusha, lakini σ huanguka pamoja nayo, na kipande hunyonya oksijeni kikiwa kazini. Ukitaka κ ishuke kwa CaB6, njia bora ni chembe ndogo, au kubadilisha sehemu ya kalisi kwa stronti: atomu za uzito tofauti hutawanya mitetemo inayobeba joto, huku umeme ukipita karibu kama kawaida. Kwa boridi kama YB66, ambazo κ yake tayari inakaribia ya kioo, kuhangaika na chembe ndogo kunaleta faida ndogo sana.

Kupima bila kuharibu sampuli wala mashine

Waya wa platini ukigusa boridi kwenye joto kali huungana na boroni na kuyeyuka karibu 800 °C, wakati platini yenyewe huyeyuka kwenye 1,768 °C. Sampuli inatobolewa na themokapo (jozi ya waya za kupimia joto) inakufa. Weka kipande cha karatasi ya grafiti kati ya sampuli na elektrodi, na kwa joto la juu tumia themokapo ya tangsteni na reni ndani ya argoni au ombwe. Argoni au ombwe ni lazima kwa vyovyote, kwa sababu boroni kabidi huanza kuungua hewani karibu 600 °C.

Pima umeme kwa ncha nne, si mbili. Kwa Seebeck tumia tofauti za joto za digrii 2, 4, 6 na 8, chora mstari, na mteremko wake ndio S. Mstari usiopita karibu na sifuri unaashiria mgusano mbovu. Alama ya S nayo iangaliwe: CaB6 inayotoa S chanya ina uchafu au waya zimegeuzwa. Kwa κ usitumie joto mahususi la chumbani hadi juu, kwani la B4C huongezeka takriban maradufu kufikia 1,000 °C, na κ yako itaonekana nusu ya ilivyo. Pima mara moja ukipanda na mara moja ukishuka. Mistari miwili isipolingana, sampuli imebadilika ndani ya mashine.

Dopanti

Vipande vitatu vya bechi tatu vikitoa σ inayotofautiana kwa chini ya asilimia 10, sasa ongeza dopanti. Kwa CaB6 ni lanthani, ambayo huongeza elektroni: σ hupanda, S hushuka. Anza na asilimia 0.5 ya kalisi, kisha 1, kisha 2. Oksidi ya lanthani hunyonya maji na CO2 ya hewani hata kwenye chupa iliyofungwa, hivyo ichome kwenye 1,000 °C saa mbili, ipoze kwenye chombo kikavu, na uipime ndani ya dakika chache. Kwa boroni kabidi, TiB2 kwa ujazo wa asilimia 2 hadi 5 husaidia kusinta na kupitisha umeme. Ikizidi hadi chembe zake kugusana kutoka upande mmoja hadi mwingine, umeme hupita humo kama kwenye chuma na S huporomoka. Dalili yake ni σ inayopungua kadiri joto linavyopanda, wakati boroni kabidi hufanya kinyume.